Kukata na kung'arisha kito: kazi ya siku mbili kwenye meza yangu, Tabora

Kijana mmoja wa Nzega alinijia hapa Gongoni na jiwe jeupe la ukubwa wa yai la kuku, kalifunga kwenye kipande cha kanga. Alilipata kwenye magwangala, yaani mabaki ya mawe, ya mgodi mdogo wa dhahabu, kwa ruhusa ya mwenye leseni. Huko jiwe la namna hiyo hupasuliwa kutafuta dhahabu iliyoshikwa ndani, na likikutwa tupu linatupwa pembeni. Yeye aliona upande mmoja unapitisha mwanga, akataka limtokee kidani cha mama yake.

"Fundi, hili linaweza kung'aa?"

Linaweza. Ni kwatsi, na ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kipimo ambacho almasi imeshika nafasi ya 10. Kisu cha chuma hakilikwaruzi, lenyewe linakwaruza kioo cha dirisha. Nilimwambia akae siku mbili tulifanye pamoja, na haya ninayoandika ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio uleule, pamoja na yale niliyokuwa nikimweleza mikono ikiwa kazini.

Jiwe la kujifunzia

Usianze na tanzanite. Tanzanite ya Mererani ina ugumu wa 6 hadi 7, lakini ina upande ambao hupasuka kirahisi kama kuni kavu inavyofuata nyuzi zake, na haipendi joto la ghafla. Usianze na rubi wala yakuti pia: ugumu wake ni 9, msasa wa kawaida utaisha na jiwe bado lipo vilevile. Anza na kwatsi au akiki. Zinavumilia makosa, na ukiiharibu moja hujapoteza mtaji. Mkono ukishazoea, kuna jiwe zuri la hatua ya pili: krisoprasi ya kijani ya Haneti, mkoani Dodoma, ambayo nayo ni jamii ya kwatsi na inapendeza sana kwenye pete.

Lilowanishe jiwe kisha limulike kwa tochi kutoka nyuma, gizani. Maji huziba makwaruzo ya juu na kukuonyesha ndani kama vile limeshang'arishwa. Tafuta nyufa. Ufa unaonekana kama utando mwembamba unaometa unapoligeuza. Jiwe la yule kijana lilikuwa na ufa mmoja uliokata theluthi ya juu, na nilimwambia pale pale kwamba theluthi hiyo hatuihesabu. Alisikitika, lakini ufa ukiuacha ndani utakuja kufunguka kwenye kisaga au, vibaya zaidi, shingoni mwa mteja.

Umbo tulilochagua ni kabochoni: chini bapa, juu mgongo laini kama nusu ya yai lililolazwa. Hilo ndilo la kuanzia kila mtu. Kito cha pande nyingi kinachometameta nitakigusa baadaye.

Maji kwanza, hata kabla ya mashine

Hapa ninaomba usinisome kwa haraka. Kwatsi ni silika tupu. Ukiisaga kavu, vumbi lake jembamba lisiloonekana kwa macho linashuka hadi mwisho wa mapafu na kubaki humo, likitengeneza makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Makovu hayo hayaponi, na mwenye nayo hushikwa na kifua kikuu kirahisi kuliko wengine. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo. Kinachozuia ni maji kudondoka juu ya jiwe muda wote kisaga kinapogusa, na barakoa nzuri ya kuchuja vumbi iwe nyongeza.

Mimi nimetundika ndoo ndogo ukutani, nikaiunganisha na mpira wa dripu mpya nilioununua duka la dawa. Kile kigurudumu chake cha kubana kinakuruhusu kupima matone vizuri kabisa. Jioni usifagie meza kavu: futa kwa kitambaa kibichi, na tope la kwenye beseni liache litulie, mwaga maji ya juu, kisha zika tope likiwa bado na unyevu. Ukilimwaga kwenye bomba la maji taka litaganda humo kama saruji. Aproni nayo ifuliwe, isikung'utwe.

Maji na umeme viko meza moja, kwa hiyo mota ikae juu au nyuma ya ubao ambako matone hayafiki, waya wa ethi uwe umefungwa kweli, na swichi uifikie bila kuvuka maji.

Vifaa

Cha kukatia: mashine ndogo ya mafundi wa tailizi, ile yenye beseni la maji chini. Weka diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na mapengo. Diski hiyo ni nene na inakula jiwe zaidi ya bleidi ya wakata vito, lakini inapatikana na inakata kwatsi bila shida. Usishike grenda ya mkononi ukamwagia maji juu yake. Nimeona watu wakifanya hivyo, na ni kutafuta kifo.

Cha kusagia: mota ya nusu hosipawa, ya mizunguko kama 1,400 kwa dakika, yenye gurudumu la kusagia la inchi 6. Soma kasi iliyoandikwa ubavuni mwa gurudumu kabla ya kulifunga. Kama mota inazunguka zaidi ya namba hiyo, gurudumu linaweza kupasuka na vipande vyake vikatoka kama risasi. Miwani ya kinga usiivue.

Msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia wapaka rangi za magari: namba 220, 320, 400, 600, 1200 na 2000. Mimi nagundisha msasa juu ya diski ya mbao iliyovikwa mpira laini wa kandambili, ili ujipinde kidogo kufuata mgongo wa jiwe.

Vitu vidogo: vijiti vya mbao vya unene wa penseli, lakiri (ile nta ngumu ya kufungia barua), kipande cha ngozi ngumu kutoka kwa fundi viatu, unga wa seriamu oksaidi (ndio huo mafundi wa vioo wanaotumia kuondolea mikwaruzo), lenzi ya kukuza mara 10, na kipande cha waya mnene wa alumini ulionolewa ncha. Huo waya ndio kalamu yako. Wino utafutika kwenye maji, alama ya alumini inabaki.

Siku ya kwanza: kukata na kuchora

Tulikata kipande cha unene wa milimita 6. Sukuma jiwe polepole mpaka usikie diski inaimba sauti moja. Sauti ikizama, umelazimisha. Shikilia vizuri hasa mwishoni, kipande kinapokaribia kuachana, maana hapo ndipo kingo hubanjuka.

Juu ya kipande weka kigezo, yaani kibao cha plastiki chenye matundu ya duara na yai kwa vipimo vya kawaida. Sonara wengi hufanya kazi na vipimo kama 10 kwa 8, 14 kwa 10, 18 kwa 13 na 25 kwa 18, vyote kwa milimita. Fuata vipimo hivyo hata kama jiwe lako lingeruhusu kikubwa kidogo. Kito cha 18 kwa 13 kinaingia kwenye pete iliyokwisha kutengenezwa, cha 19 kwa 13 na nusu kitamlazimu sonara aanze upya na atakutoza wewe. Kwa kidani tulichagua 25 kwa 18. Sogeza kigezo hadi sehemu nzuri ya jiwe ikae katikati, ndipo uchore.

Kata pembe za nje kwa mistari iliyonyooka, ukiacha milimita moja au mbili nje ya alama. Kisha nenda kwenye gurudumu, saga hadi mstari wenyewe. Jiwe lisitulie sehemu moja ya gurudumu, lipeleke kulia na kushoto, la sivyo utachimba mfereji na gurudumu litaanza kurukaruka.

Umbo likishakamilika, geuza upande wa chini na ukwangue ukingo wake wote kidogo tu, nusu milimita, kwa mlalo wa nyuzi 45. Wanafunzi wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani. Ukingo mkali wa chini ndio unaobanjuka sonara anapobana fedha, na ndani ya nyumba ya kito, yaani kile kikombe cha fedha linamokaa jiwe, pale ukuta unapokutana na sakafu, huwa kuna mabaki ya madini ya kuchomelea. Jiwe lisipokwanguliwa litakaa juu ya mabaki hayo, litayumba.

Kulipandisha kijitini

Tabora tuna nta ya nyuki ya kujivunia, na kila mwanafunzi huniuliza kwa nini tusitumie hiyo. Nta peke yake ni laini mno, joto la kusaga linailegeza na jiwe linaruka. Tumia lakiri, au changanya lakiri na nta kidogo isiwe ya kukatika-katika.

Siri iko kwenye joto la jiwe. Weka jiwe juu ya bati, bati juu ya jiko lenye moto mdogo, na uweke chembe ya lakiri juu ya jiwe. Chembe ikiyeyuka yenyewe, jiwe liko tayari. Lakiri ya moto kwenye jiwe baridi inashika kwa uongo: unaona imeganda vizuri, kumbe imekaa tu. Mwaka wangu wa kwanza niliharakisha hivyo kwa akiki ya mteja. Iliruka kutoka kijitini, ikagonga ukuta wa tofali, ikatoka vipande viwili. Nilimlipa.

Ukishabandika kijiti upande wa chini wa jiwe, finyanga lakiri kwa vidole vilivyolowanishwa ili ipande kidogo kuelekea ukingo na kulishika jiwe kama kikombe. Acha lipoe lenyewe. Usilitumbukize majini.

Kuchonga mgongo

Hapa ndipo umbo linazaliwa. Chora kwa kalamu ya alumini mstari kuzunguka ubavu, milimita moja na nusu kutoka chini. Chini ya mstari huo usiguse kabisa, huo ndio ukuta utakaoshikwa na fedha.

Saga mlalo wa nyuzi 45 kuzunguka jiwe lote mpaka ufike mstarini. Kisha saga mlalo wa pili juu ya ule wa kwanza, ukilala zaidi, na wa tatu unaokaribia kileleni. Sasa jiwe linaonekana kama paa la msonge lenye ngazi. Ondoa zile ngazi kwa kuzungusha kijiti vidoleni huku ukilipeleka jiwe kutoka ukingoni hadi kileleni kwa mkupuo mmoja, bila kusimama.

Kulikagua, likaushe, kaa karibu na dirisha na utazame mstari wa mwanga juu ya mgongo wake. Ligeuze taratibu. Kama mgongo ni sawa, mstari ule unateleza bila kukatika. Ukifika penye bapa mstari unapanuka ghafla au unaruka. Yule kijana alikuwa na bapa mbili kileleni ambazo kidole hakikuzihisi, mwanga ukazitaja zote. Kilele bapa ndilo kosa la kawaida zaidi, kwa sababu mtu anaogopa kusaga katikati asije akapunguza jiwe.

Msasa: hapa ndipo kung'aa kunapopatikana au kupotezwa

Wengi wanaamini jiwe linang'aa kwa unga wa mwisho. Unga unamalizia tu. Jiwe linang'aa kwenye msasa namba 220, na ninasema hivyo baada ya kurudia mamia ya mawe niliyodhani yamekwisha.

Gurudumu linaacha mikwaruzo mirefu yenye kina. Msasa 220 kazi yake ni kuifuta yote. Msasa 320 unafuta ya 220, 400 unafuta ya 320, na kuendelea. Msasa 600 hauwezi kufuta mkwaruzo wa gurudumu. Utausugua mpaka mkono uume, utakachofanya ni kuung'arisha mkwaruzo wenyewe, na siku ya mwisho utauona unameta katikati ya kito kama unywele.

Kwa hiyo katika kila namba fanya hivi. Sugua upande mmoja, tuseme kwa urefu wa jiwe. Ukibadili msasa, sugua kwa upana. Mikwaruzo ya zamani itabaki imekatisha ile mipya na utaitambua mara moja. Likaushe jiwe kabisa, kwa kuwa maji huficha kila kitu, kisha litazame kwa lenzi chini ya taa ya pembeni. Ukiona mstari hata mmoja unaokwenda upande wa zamani, rudi.

"Fundi, limekwisha?" aliniuliza tukiwa kwenye 400.

"Likaushe."

Akalikausha kwa kanga yake, akaweka lenzi jichoni, akanyamaza. Upande wa kushoto, karibu na ukuta, palikuwa na mistari mitatu ya gurudumu, imelala sambamba kama reli. Tukarudi hadi 220. Ilichukua dakika arobaini, na ndizo dakika arobaini zilizolifanya jiwe lile kuwa kito.

Kati ya namba na namba, nawa. Nawa mikono, piga kucha kwa brashi, suuza jiwe na kijiti, badilisha maji. Chembe moja ya 220 iliyojificha kwenye lakiri ikidondoka juu ya msasa 1200 inaandika mstari ambao utakurudisha mwanzo. Mimi kila namba ina beseni lake na kitambaa chake, na misasa naihifadhi kila mmoja kwenye bahasha yake.

Ukimaliza 1200, jiwe linakuwa na mng'ao wa hariri, na ukiliinamisha sana unaona kivuli cha dirisha. Pitisha 2000. Kama kivuli hicho hakionekani, usiende mbele.

Unga

Koroga seriamu oksaidi na maji mpaka iwe kama uji mwepesi wa mgonjwa. Paka kwenye ngozi iliyobandikwa juu ya diski ya mbao, na diski hiyo usiitumie kwa kitu kingine chochote. Kasi iwe ndogo. Bonyeza jiwe kwa nguvu ya wastani huku ukilizungusha.

Kuna dakika ambapo ngozi inakaribia kukauka na unahisi inalivuta jiwe mkononi. Mng'ao unakuja hapo. Lakini hapohapo joto linapanda haraka, na jiwe lenye ufa mdogo linaweza kupasuka, au lakiri ikalegea. Shika kidogo, ondoa, gusa jiwe kwenye mdomo wa juu, na kama linaunguza, ongeza uji na subiri. Kwatsi haihitaji zaidi ya dakika kumi za hatua hii kama msasa ulifanya kazi yake. Kwa rubi na yakuti unga huu haufai, hayo yanataka unga wa almasi.

Kito cha pande nyingi

Watu huniuliza kwa nini sikati tanzanite na ganeti kwa pande. Nakata, lakini kwa mashine yenye mkono wa kupimia nyuzi na gia ya meno 96. Ukitaka pande kuu 8, unagawa 96 kwa 8, unapata 12, basi unasimama kwenye jino la 12, 24, 36 hadi 96, kila mara kwa nyuzi zilezile. Unaanza chini, kisha kiuno (ukingo wa katikati unaozunguka kito), unahamishia kijiti upande wa pili, unamalizia juu.

Nyuzi za chini ndizo zinazoamua uhai wa kito. Kwatsi inataka kama 43. Ukishuka chini ya 40 na nusu, mwanga ulioingia juu haurudi machoni, unatokea chini, na katikati ya kito panakuwa pamefunguka kama dirisha, unaweza kusoma gazeti kupitia hapo. Mawe mengi yanayokatwa kwa kubania uzito yana dirisha hilo. Ujue pia kwamba kwa pande mara nyingi utabaki na robo au theluthi tu ya uzito wa jiwe ghafi, na mteja aelezwe hivyo kabla hujawasha mashine, ukipima mbele yake. Karati moja ni gramu 0.2.

Kazi hii ina mikono mingi ya kufundisha zaidi ya yangu. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kinafundisha ukataji wa vito, na anayetaka kuifanya iwe riziki aende huko. Na kama utanunua na kuuza vito, pita kwanza ofisi ya Tume ya Madini uulizie leseni ya broka au ya dila.

Kulishusha na kulipeleka kwa sonara

Usilitoe jiwe kijitini kwa kisu. Liweke kwenye friza dakika ishirini, lakiri inajikunja na jiwe linaachia kwa kusukumwa na kidole. Mabaki yafute kwa spiriti. Chini ya jiwe pitisha msasa 600 tu, panatosha.

Jiwe la yule kijana lilitoka jeupe lenye ukungu, na upande mmoja wa kioo ukipita kama mto. Tulilipima: 25 kwa 18 kamili, ukuta milimita moja na nusu. Nililifunga kwenye pamba, pamba kwenye kiberiti kitupu, na juu ya kiberiti nikaandika jina la jiwe, vipimo, na neno moja kwa sonara: "Mzee, kila cha kuchomelea kimalizike kwanza, jiwe liingie mwisho."

Sonara wetu wa sokoni alikisoma, akatoa kito, akakielekeza dirishani na kukigeuza taratibu akifuata ule mstari wa mwanga. Kisha akamuuliza kijana mama yake anapenda mkufu mrefu au mfupi.